Hali ya Hewa ya Mlima Wetu na Bonde la Mto

Mgeni afikapo shuleni kwetu kwa mara ya kwanza, jambo alitakalo kabla ya yote ni kuonyeshwa mlima. Akifika saa tano ya mchana huambiwa kwamba mlima umejifunika, angoje jioni. Hapo wageni wengine hudhani wanafanyiwa mzaha, maana uwanjani kwetu jua ni kali, na upande wa Moshi mjini mbingu ni nyeupe. Lakini sisi tuliokaa hapa mwaka wa nne tunajua ya kwamba Kilimanjaro ina ratiba yake, kama shule ilivyo na kengele yake. Nia yangu ni kuieleza ratiba hiyo kwa wenzangu wapendao matembezi, mbio za nyika na kuogelea mtoni. Na tena kwa wazazi, ambao baadhi yao waliandika barua mwisho wa mwaka jana kuuliza kama ni salama watoto wao kuwa katika Chama cha Matembezi. Barua hizo zilikuwa na sababu, nami sababu yenyewe naijua kuliko wengine, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tutazame jinsi mlima ujitengenezeavyo mawingu. Usiku hewa ya juu hupoa ikawa nzito, nayo huteremka polepole kwa kufuata mabonde, kama maji yafanyavyo. Jua likichomoza, miteremko hupata joto. Hewa iliyo karibu na ardhi nayo hupata joto, huwa nyepesi, ikaanza kupanda. Hewa hiyo imebeba unyevu wa mashamba na misitu, na ule uletwao na pepo kutoka Bahari ya Hindi. Kadiri inavyopanda hupoa, na ikipoa haiwezi kuushika unyevu wote iliokuwa nao, basi unyevu hugeuka matone madogo sana. Hayo ndiyo mawingu. Siku nyingi mkanda wa kwanza wa wingu huonekana juu ya msitu saa tatu au saa nne ya asubuhi, na ifikapo saa sita Kibo haionekani tena. Jioni jua likipungua nguvu kazi hiyo husimama, mawingu huyeyuka au hushuka, na kilele hutokea kikiwa na rangi ya waridi. Ndiyo maana mgeni wetu aliambiwa angoje.

Habari hii ya hewa nzito kuteremka usiku sikuiamini niliposomeshwa darasani. Nilijua ya kwamba ukipanda mlima unapata baridi, basi mtoni, ambako ni chini ya mabweni, lazima pawe na joto zaidi. Mwalimu wetu wa Jiografia hakubishana nami. Aliniazima vipimajoto viwili tu. Kimoja nilikitundika barazani kwa bweni, kingine chini ya mti ukingoni mwa mto, nikawa navisoma kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kwa siku kumi, katika mwezi wa Juni. Siku nane kati ya hizo bondeni palikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi mbili au tatu. Nikadhani kipimajoto kimoja ni kibovu, nikavibadilisha mahali. Matokeo yakawa yale yale. Tangu hapo nawaambia wakimbiaji wetu wa mbio za nyika, ambao hupenda kuanzia mtoni kwa sababu njia ni tambarare, kwamba wanaanzia mahali penye baridi kuliko pote katika eneo letu, na misuli yao haijaamka. Heri waanzie juu uwanjani, washuke mtoni jua likishapata nguvu. Wachache wamenisikiliza.

Hata hivyo mtu akitazama mlima mzima, kanuni ya kawaida ni kwamba joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila apandapo mita 1,000. Moshi mjini, penye mita 800 na kitu, wastani wa joto kwa mwaka ni kama nyuzi 23 za sentigredi. Kileleni Uhuru ni mita 5,895, yaani zaidi ya mita 5,000 juu ya mji. Atakaye na afanye hesabu mwenyewe. Ataona kwamba kileleni wastani ni nyuzi saba hivi chini ya sifuri. Wale waendao na Chama kwenye kibanda cha Mandara, penye mita 2,700 hivi, wajue kwamba mchana mwema wa nyuzi 28 hapa kwetu huwa kule juu kama nyuzi 17. Na mwenye fulana iliyolowa jasho, akikaa kivulini msituni, atatetemeka. Mwaka juzi mmoja wetu alipanda na shati moja na kaptura, akarudi amevaa soksi za watu wanne mikononi na miguuni.

Mvua haina hesabu nyepesi namna hiyo. Watu hudhani kwamba kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyozidi. Sivyo. Moshi hupata kama milimita 900 kwa mwaka. Ukipanda mteremko huu wa kusini, mvua huongezeka mpaka katikati ya msitu, kwenye mita 2,000 na zaidi kidogo, ambako hupita milimita 2,000. Kutoka hapo hupungua tena, na kileleni haifiki hata 200. Kule ni jangwa, ingawa ni jangwa la baridi. Upande wa kaskazini, uelekeao Kenya, hupata mvua chache kuliko kwetu, kwa sababu pepo za masika na za kusi hutupiga sisi kwanza. Masika yenyewe ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ni wakati wa baridi, na mteremko wetu hukaa chini ya wingu siku kucha, lakini aliye kwenye kibanda cha Horombo, mita 3,700 hivi, huota jua na kuyatazama mawingu kwa chini kama bahari. Januari na Februari mbingu huwa wazi.

Sasa nije kwenye mto, ambako ndiko kwenye hatari. Mito yetu ya kusini, kama Karanga, Weruweru na Kikafu, hutoka mlimani, na maji yake mwisho hufika Mto Pangani kwa kupitia bwawa la Nyumba ya Mungu. Wenzangu wengi wanashika kwamba mito hii hutokana na kuyeyuka kwa barafu ya Kibo. Ni hadithi nzuri, lakini barafu huchangia kidogo sana. Imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na mito haikupungua kwa kadiri hiyo. Kinachoilisha ni ule msitu wenye mvua nyingi, na ukungu unaonaswa na miti yake. Tena mabonde ni membamba na yana mteremko mkali. Basi mvua ikinyesha msituni alasiri, maji yake hayakawii njiani. Hutufikia siku hiyo hiyo, pengine wakati ambapo kwetu hapajadondoka hata tone moja.

Haya nilikuwa nayajua kwa kalamu, na mtihani nilifaulu. Novemba mwaka jana, siku ya Jumamosi, tulikwenda matembezi watu kumi na wawili, nami nikiwa kiongozi. Tulivuka mto saa nne asubuhi kwa kukanyaga mawe. Maji yalifika vifundoni. Tuliporudi kivukoni saa kumi alasiri kwetu kulikuwa na jua. Juu ya msitu palikuwa peusi kama moshi wa chungu, na mmoja wetu alinionyesha. Nilimjibu kwamba mvua ile iko mbali. Tena tulikuwa tumechelewa, na kengele ya jina hupigwa saa kumi na mbili.

Tisa walivuka salama. Wa kumi alikuwa kijana wa Kidato cha Pili, mfupi kwa umbo. Alipofika katikati tulimsikia mzee mmoja, mtunza mfereji wa maji ya mashambani, akipiga kelele kutoka ng'ambo na kutupungia mkono turudi. Nilidhani anatukataza kupita shambani kwake. Maji yaliyokuwa vifundoni yalikuwa yamekwisha kufika magotini, kisha kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini yakafika mapajani mwa kijana yule, yakiwa mekundu na yamejaa majani. Akateleza. Alikwenda kama hatua thelathini kabla hajashika mzizi wa mti, na mzee yule ndiye aliyemfikia kwanza, akamvuta kwa mpini wa jembe lake. Alipoteza viatu vyote viwili na akakatwa gotini. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tumebaki upande wa pili. Tulizunguka mpaka darajani, tukafika shuleni saa mbili na nusu za usiku.

Baadaye nilikwenda kumshukuru mzee, naye akanionyesha alichokuwa akikitazama. Kila siku akifungua mfereji wake hutazama vitu vitatu: rangi ya maji, takataka zinazoelea, na sauti. Maji yakibadilika rangi kwa ghafula, au majani mabichi na vijiti vikaanza kupita, mvua imekwisha kunyesha juu na kundi kubwa la maji liko nyuma. Sauti nayo hubadilika. Mawe madogo yakianza kuviringishwa, mto huacha kuimba ukanguruma. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni zaidi ya dakika kumi, nikipanga watu mstari, na vyote vitatu vilikuwapo mbele ya macho yangu.

Radi nayo nisiisahau, maana wachezaji wa mpira hawaiogopi. Mwanga wa radi huonekana papo hapo, lakini sauti yake huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Ukiona mwanga, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi, basi mpira uachwe na watu waingie ndani ya nyumba, si chini ya mwembe ulio nyuma ya goli, ambako ndiko wote hukimbilia. Mchezo usianze tena mpaka nusu saa ipite bila ngurumo. Mwamuzi atalaumiwa, lakini ndiyo kazi yake.

Wapandao mpaka kileleni huifuata ratiba ile ile ya mlima. Huondoka kibanda cha Kibo, penye mita 4,700 hivi, usiku wa manane, na watu huuliza kwa nini wajitese gizani. Ni kwa sababu changarawe za mteremko ule huwa zimeganda kwa baridi, mguu haudidimii. Tena hufika juu alfajiri na kuteremka kabla mawingu hayajawazunguka. Achelewaye hupanda hatua mbili akateleza moja.

Kuhusu Chama, Mkuu wa Shule alikisimamisha, na muhula huu amekiruhusu kwa masharti. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa husikilizwa redioni, lakini taarifa hiyo ni ya mkoa mzima, nayo haiwezi kujua habari za bonde moja. Kwa hiyo twaongeza yetu. Karibu na ofisi ya walimu kuna ubao ambao juu yake huandikwa kila asubuhi joto la bwenini na la mtoni, hali ya msitu uonekanavyo, na urefu wa maji kwa kipimo cha jiwe jeupe lililo kivukoni. Anayekwenda kulitazama jiwe ni yule kijana wa Kidato cha Pili, ambaye sasa yuko cha Tatu. Aliomba kazi hiyo mwenyewe, na baba yake amekubali kwa barua, kwa sharti kwamba asivuke.

Matembezi yajayo ni Jumamosi ya kwanza ya muhula wa pili. Tutaondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, twende kwa kivuko na kurudi kwa daraja, hata kama maji ni ya vifundoni. Kila mtu aje na sweta na koti la mvua. Maji yakiwa yamelifunika jiwe jeupe asubuhi hiyo, ubaoni hapataandikwa kitu ila neno moja, "Hakuna", na kila mtu arudi akaendelee na masomo yake.