Ukiona kutu, weka misuli pembeni!

Ee bwana eeh, kuna nati moja ilinidhalilisha hadharani, tena mbele ya kijiwe kizima pale Kasulu. Nati tu, haizidi kikombe cha kahawa!

Ilikuwa Juni mwaka jana, kile kipindi ambacho baridi ya Kasulu humfanya mtu ajadiliane na nafsi yake kabla ya kuoga. Nilikuwa naganga njaa kwenye gereji ya jamaa mmoja, kama kawaida yetu sisi tuliomaliza fomu foo tukaishia kuambiwa "tutakuita". Nyuma ya gereji kulikuwa na Bedford RL, lori la jeshi la kizamani ambalo Waingereza walilitengeneza kuanzia 1953 hadi 1969. Uso bapa, magurudumu yote manne yanavuta, injini ya petroli ya silinda sita, lita karibu tano. Mwenyewe ni mzee wa Kibondo, dereva mstaafu, aliyelinunua mnadani miaka hiyo akaliacha chini ya mwembe. Mvua za huku unazijua, zikianza Oktoba hadi Mei bado zina hamu. Kila kilichotakiwa kuzunguka kilikuwa kimeganda.

Na mzee alikuwa na wiki tatu tu. Mnunuzi wa chuma chakavu alishataja bei yake kwa kilo, na wanawe walishaanza kuzipangia zile hela. Wakakubaliana hivi: injini ikizunguka kabla jamaa hajarudi na gesi yake ya kukatia, lori linabaki. Isipozunguka, linaondoka vipande vipande.

Mimi nikaona kazi ndogo. Nikaanza na gurudumu la mbele kushoto, spana nikaichomeka bomba refu, nikalikalia. Wapi! Nikaita washikaji wawili, tukaning'inia watatu kama popo. Nati kimya. Fundi alikuwa anakunywa chai, wala hakunyanyuka.

"Dogo, piga brashi kwanza, halafu soma hiyo stadi."

Nikasugua kwa brashi ya waya, kutu ikabanduka, ikatokea herufi L. Kumbe kwenye Bedford hizo, stadi za magurudumu ya kushoto zina thredi za kinyume: ukitaka kulegeza unazungusha kulia, kama vile unakaza. Muda wote ule tulikuwa tunaikaza! Kijiwe kilicheka mpaka muuza karanga akasogea kuuliza kulikoni.

Ningekuwa na akili ningekoma hapo. Siku ya tatu nikavamia stadi za manifoldi ya eksozi, na bomba langu lilelile. Nikasikia "tak!", ulaini ukanijia mkononi, nikafurahi. Kutazama, stadi imekatika, kimebaki kisiki kifupi kwenye injini. Mzee hakunitukana. Alikaa juu ya tairi akavua kofia, akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, hiyo tutainunua duka gani?" Heri angenizaba kofi.

Usiku ule fundi alinikalisha akanipa somo. Kutu, alisema, ni chuma kilichovimba: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya thredi hakuna pa kuvimbia, kwa hiyo inabana. Ukimwaga mafuta tone moja na papo hapo ukapanda juu ya bomba, unachokunja ni stadi yenyewe.

Kijiwe nacho kilikuwa na madaktari wake. Mmoja alileta mawese. Mawese na baridi ya Kasulu? Yanaganda kama samli, yatapenya wapi? Mwingine akaleta Coca-Cola. Ni kweli ina asidi inayokula kutu nyembamba, lakini polepole, halafu inakuachia sukari. Fundi alichanganya nusu kwa nusu mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni, ile ile ya kutolea rangi ya kucha, dada zangu, ambayo hairuhusiwi kusogea karibu na moto. Tunapiga brashi, tunadondoshea, tunagongagonga nati pande zote kwa nyundo ndogo, tunalala. Kesho yake tunaisukuma kidogo upande wa kukaza, halafu wa kulegeza. Ikigoma tunairudishia dawa.

Zilizogoma kabisa zilipelekwa kwenye gesi, baada ya ile dawa kukauka, na tangi la petroli tulishalishusha tukalipeleka mbali kwa sababu hata likiwa tupu mvuke wake unaua. Unachoma nati, si bolti, ili nati itanuke. Ikianza kupoa unaigusisha nta, inayeyuka na kunyonywa hadi ndani ya thredi. Nta ya nyuki ndiyo alitaka, na mzee katoka Kibondo, nchi ya asali, kwa hiyo ilikuwepo bonge zima. Hata kile kisiki changu kilitoka: fundi alikiwekea nati akaichomelea juu yake, akaiacha ipoe, akaanza kuibembeleza huku na huku. Ilitoka ikilia kama mlango wa nyumba ya zamani. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Injini ndiyo ilituweka roho juu. Tulitoa plagi zote sita, tukamimina dawa kila tundu, tukangoja. Kutumia stata ilikuwa marufuku. Kila asubuhi mzee mwenyewe anashika hendeli mbele ya lori, anasukuma kulia, anarudisha kushoto, anaondoka bila neno.

Siku ya kumi na tisa yule mnunuzi akaja mapema, mitungi ya gesi ikigongana nyuma ya gari lake. Wana wa mzee nao walikuja. Mzee akainama kwenye hendeli kama kawaida. Ikasogea upana wa kidole. Akarudisha, akasukuma tena, ikaenda robo mzunguko, na maji ya rangi ya chai yakaruka kwenye matundu ya plagi yakamchafua mnunuzi shati.

Jamaa aliondoka na mapipa mawili matupu na bampa lililooza. Ngoma ya breki ya mbele kushoto bado imeganda hadi leo, na mzee ameagiza nta nyingine kutoka Kibondo.