Marobota ya Mkonge na Daftari la Baba

Sisi tuliolelewa katika kota za reli Korogwe tuliijua nchi kwa harufu ya mabehewa. Treni ya kushuka Tanga ilinuka mkonge mkavu na kahawa ya Moshi. Ya kupanda ilileta saruji, mbolea na mafuta ya taa. Mama zetu waliisikia honi wakajua Alasiri imekaribia, ingawa mara nyingi adhana ilitangulia.

Mkonge ndio uliokuwa mfalme. Wajerumani waliuleta mwaka 1893, na mwaka huohuo wakaanza kujenga reli ya Tanga. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zaidi ya 200,000. Marobota yalishushwa bandarini, makuli wakayapakia kwenye matishari kuyafikisha melini.

Mwezi wa Ramadhani baba, aliyekuwa mshika bendera, alifuturu na wafanyakazi wa treni pale stesheni: tende, uji na muhogo wa nazi. Dereva mmoja, ambaye kwa safari yake sheria ilimpa ruhusa ya kula, alifunga hata hivyo, na baba akimkemea kwa upole kwamba ruhusa ya Mola nayo ni ya kupokewa.

Kisha kamba za nailoni zikauangusha mkonge sokoni. Mwaka 1977 Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika, na vichwa vya treni vikaanza kulala vikingoja vipuri. Barabara ya lami nayo ikaleta malori yanayochukua kahawa mlangoni mwa ghala bila kungoja behewa. Nani angemlaumu mfanyabiashara? Treni za kila siku zikawa za wiki, majani yakaota kati ya mataruma.

Baba alipewa barua ya kupunguzwa kazi. Kiinua mgongo kilimzungusha ofisi hata ofisi, na mama akatulea kwa vitumbua. Kila baada ya Alfajiri mzee alivaa kofia yake akaenda kuketi stesheni. Alifariki kabla ya kulipwa.

Fedha zilipotoka, tulikuwa ndugu sita wenye shida sita, na maneno yakaanza kuwa makali. Mama akaleta daftari la baba. Humo mliandikwa unga, sukari na sare za shule, vyote kwa mkopo wa duka moja. Shekhe akatukumbusha kwamba deni hutangulia mirathi. Tulimlipa mwenye duka, aliyekuwa amekwisha kusamehe lakini tukamsihi apokee. Mama akapata thumuni yake, nasi tukagawana kilichobaki, ambacho hakikumtosha yeyote.

Mwaka 2019 treni ya mizigo ilirudi hadi Moshi, ikibeba saruji. Tulikuwa barazani iliposikika. Mama, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, aliinua kichwa akauliza: “Hiyo ni ya kupanda au ya kushuka?”