Nyanya, jembe na barua: filamu isiyokuwa na haraka

Mwambie kijana wa mjini kwamba Jumapili hii kuna filamu ya kutazama, naye atakuuliza maswali mawili kabla hujamaliza kusema: stelingi ni nani, na adui ni nani? Hana makosa. Wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake, walikulia katika sinema za Mombasa kama Regal, Naaz na Majestic, na walizipenda mno picha za Kihindi. Awara ya mwaka 1951, Mother India ya 1957, Sholay ya 1975: humo mlikuwa na nyimbo, machozi, ngumi na kisasi, na mtazamaji alitoka nje akijua fika nani kashinda na nani kalala chini.

Sasa mwambie kijana huyo huyo kwamba filamu utakayomwekea inamhusu ajuza wa miaka 95 na shamba lake, na kwamba dakika nyingi zitapita bila mtu kupiga kelele wala gari kupinduka. Utamwona anatafuta simu yake mfukoni.

Filamu yenyewe inaitwa The Letter, yaani Barua. Imetengenezwa na mke na mume, Maia Lekow na Christopher King, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019 katika tamasha la filamu za hali halisi la IDFA mjini Amsterdam. Baadaye Kenya iliiteua iwe mwakilishi wake katika kinyang'anyiro cha Oscar cha mwaka 2021, kitengo cha filamu za kimataifa. Haikuingia katika orodha ya mwisho, lakini kuteuliwa kwenyewe si jambo dogo kwa filamu ya hali halisi iliyochukuliwa kijijini, watu wake wakisema Kiswahili na Kigiriama. Huenda wasomaji wengine wakamkumbuka Maia Lekow kwa sauti yake kuliko kwa kamera. Ndiye aliyeimba wimbo Uko Wapi katika filamu From a Whisper, uliopata tuzo ya muziki bora katika tuzo za filamu za Afrika mwaka 2009.

Kisa, ukikitafuta, kinaenea katika sentensi mbili. Kijana anayeishi Mombasa anapata habari kwamba nyanya yake huko Kilifi anaitwa mchawi, na kwamba imepelekwa barua ya vitisho iliyotoka ndani ya ukoo wenyewe. Anafunga safari kwenda nyumbani ajue nani kaiandika na kwa nini.

Ingekuwa filamu ya kawaida, hapo ndipo upelelezi ungeanza na muziki wa kutisha ungepanda. Wenzetu hawa wawili walichagua njia nyingine, nayo ni kukaa. Walikaa na familia hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka kamera ikawa kama mgeni aliyezoeleka ambaye hakuna tena anayemwondolea kuku uani. Matokeo yake ni kwamba unamfahamu nyanya kabla hujaifahamu kesi yake. Unajua anavyocheka, anavyojibu, anavyoshika jembe. Unapofika wakati wa jamaa kukaa chini na kulijadili neno lile zito, tayari wewe mtazamaji unamjua mtu anayezungumziwa, na kila sentensi inayotamkwa unaipima kwa yale uliyokwisha kuyaona kwa macho yako. Hiyo ndiyo faida ya utulivu, na hakuna ploti ya kusisimua ingeweza kuleta hayo.

MVI KAMA USHAHIDI

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya filamu tu. Kwa miaka mingi magazeti ya nchi hii yameandika habari za wazee wa Kilifi na Kwale waliouawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi. Imeripotiwa kwamba wako wazee waliopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze. Fikiri kidogo, msomaji: katika jamii iliyokuwa ikiona mvi kuwa ni heshima, mtu anazificha kama aliyeiba. Huko Ganze katika Kaunti ya Kilifi yako makao ya Kaya Godoma, ambako wazee waliokimbia watoto na wajukuu wao wamekuwa wakipewa hifadhi.

Sheria ya uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925 wakati wa ukoloni, inalifanya kuwa kosa jambo la kumwita mtu mchawi, isipokuwa anayedai hivyo amepeleka habari kwa wenye mamlaka kama polisi au chifu. Lakini sheria iko kwenye vitabu, na neno liko kwenye midomo ya watu baada ya kula cha usiku.

Na nyuma ya neno hilo, filamu inaonyesha bila kuhubiri, mara nyingi kuna ardhi. Mzee anakalia ekari ambazo kijana anaziona kama pesa zilizolala. Kijana hawezi kusema wazi, "Mzee, kufa nigawane." Atasema maneno mengine, na maneno hayo yatapata wasikilizaji, hasa kukiwa na mtoto mgonjwa au biashara iliyoanguka na watu wanatafuta sababu.

UKIVUKA LIKONI

Kwa nini basi niilete habari ya Kilifi kwa watu wa Kinondo? Kwa sababu ukivuka Likoni ukashika njia ya kusini, ukapita Tiwi na Diani, unafika mahali ambapo ardhi na ukoo vimefungamana vivyo hivyo, tena kwa namna ya peke yake.

Kinondo ina Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo wa ekari zipatazo 75 hivi, uliosimama karibu na bahari huku hoteli na nyumba za kifahari zikiuzunguka. Mwaka 2008 UNESCO iliuingiza pamoja na misitu mingine ya kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni anayeingia hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huongozwa na mwenyeji, na zipo sehemu ambazo hapelekwi kabisa, kwa kuwa wamelala wakubwa. Wanaoujua msitu huo, kila mti na kazi yake, ni wazee. Mzee akifukuzwa Kinondo, au akinyamazishwa kwa hofu, kinachopotea ni zaidi ya mtu mmoja.

Halafu kuna habari ya urithi. Wadigo wa zamani walihesabu ukoo upande wa mama, na mali ya mtu ilikwenda kwa mpwawe, mtoto wa dada yake. Uislamu ukaja na mafungu yake, mtoto akamrithi baba. Ikaja serikali na hatimiliki, karatasi yenye jina la mtu mmoja. Kwa hivyo katika familia moja unaweza kuwakuta mpwa, mtoto wa kuzaa, na mwenye karatasi, kila mmoja ana hoja na kila mmoja ana shahidi. Ongeza juu yake bei ya kiwanja karibu na ufuo wa Diani na Galu, ndipo utaelewa kwa nini baadhi ya ndugu hawasalimiani hata siku ya Idi.

Hayo yote hayaonekani katika picha ambazo wageni wamezoea kutupiga. Mwaka 2012 Ulrich Seidl wa Austria alipeleka Cannes filamu yake Paradies: Liebe, iliyochukuliwa katika Pwani ya Kenya, kuhusu mama wa Kizungu anayekuja kutafuta mapenzi kwa vijana wa ufukweni. Ni filamu yenye ujasiri na inauma, sikatai. Lakini ndani yake Pwani ni kitanda cha kuotea jua, na vijana wale ukiwaona wanaondoka ufukweni, hujui vizuri wanarudi kwa nani. Ile nyumba ya makuti nyuma ya minazi, yenye mama anayekuna nazi na babu anayesubiri dawa yake ya presha, inabaki gizani.

Ningependa siku moja kuona filamu tulivu ikichukuliwa Kinondo. Si lazima iwe na barua. Iwe na maji yanayokupwa, na ngalawa zinazorudi, na samaki wachache kuliko walivyokuwa, na mabishano ya nani alipie karo. Mbega wavuke barabara wakitaka. Mtu ameketi barazani anasuka, anazungumza na mwenziwe maneno yasiyokuwa na haja, na katika maneno hayo yasiyokuwa na haja, mtazamaji ajue kwamba kaka mkubwa ameuza shamba bila kuwaambia wenziwe.

WENGINE WALITANGULIA

Wanafunzi mnaofundishwa shuleni kwamba kazi ya sanaa haikamiliki bila msuko wenye mgogoro na kilele, nawaomba mtafute filamu mbili za zamani, zote za rangi nyeusi na nyeupe.

Ya kwanza ni Tokyo Story ya Mjapani Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Mzee na mkewe wanaondoka mji wao mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto hawana ubaya. Wana kazi tu. Wanawapeleka wazee hotelini kwenye mji wa Atami, kwa maneno mengine wanawaondoa njiani. Anayewatendea kwa utu kuliko wote ni mkwe, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani. Ozu aliiweka kamera chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi juu ya mkeka, hata unahisi nawe umekaribishwa ukakaa nao. Mnamo 2012 waongozaji wa filamu kutoka pande zote za dunia, walipoulizwa na jarida la Uingereza la Sight & Sound, waliipigia kura kuwa ya kwanza katika filamu zote. Familia ya Nairobi iliyowahi kumpokea baba mzazi kutoka Msambweni kwa wiki mbili, na siku ya tano ikaanza kutazama kalenda, haitahitaji mkalimani.

Ya pili ni Pather Panchali ya Satyajit Ray wa Bengali, iliyotoka mwaka 1955. Hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Pesa zilimwishia mara kwa mara, mapambo ya mkewe yakawekwa rehani, na mwisho serikali ya jimbo la Bengali Magharibi ndiyo iliyoikamilisha, kwa fedha zilizoandikwa kuwa ni za kutengeneza barabara, kwa kuwa jina la filamu lina habari ya njia! Humo kuna mzee wa kike aitwaye Indir, jamaa wa mbali wa baba mwenye nyumba. Mama wa nyumba, maskini mwenye watoto wawili, anamwona kuwa ni mdomo wa ziada. Anamsema, anamfukuza, ajuza anaondoka na kibunda chake, anarudi, anafukuzwa tena. Wanaomkuta amekufa, ameketi kichakani, ni watoto waliokuwa wakicheza.

Hapo nilipoyaweka pamoja matatu haya, Onomichi, Bengali na Kilifi, ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitarajia. Filamu za kasi hazina nafasi ya mzee. Hawezi kukimbia, hawezi kupigana, kwa hivyo anapewa kiti pembeni atoe nasaha kisha afe. Filamu tulivu, kwa kuwa inakwenda kwa mwendo wa nyumba, inalazimika kumfikia aliyeketi humo siku nzima. Na akishafikiwa, swali la nani anamtaka na nani hamtaki haliepukiki.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Je, ni haki kuingiza kamera katika aibu ya familia? Mila zetu zinasema siri ya nyumba haitoki mlangoni. Mtoto wa ukoo ule ataonekana Amsterdam akimtetea nyanyake, na mwingine ataonekana akimtuhumu, na wote wawili watakutana tena kwenye matanga. Sidhani swali hili lina jibu la mkato. Ninaloweza kusema ni kwamba kamera iliyokaa miaka si sawa na kamera iliyokuja kwa saa mbili, ikamuuliza ajuza "Je, wewe ni mchawi?" kisha ikaondoka kabla ya chai. Wanaofanya ya pili ni wengi, tena wengine ni wa fani hii yetu ya magazeti.

Kwa familia itakayoipata The Letter, nina ushauri wa nyumbani. Msiiweke wakati wa kula. Simu ziachwe chumba cha pili. Dakika za mwanzo zitawachosha walio chini ya miaka ishirini, waacheni wachoke, uchovu huo hupita. Mkiwa na mwanafunzi wa sekondari, mwambieni asitafute kilele, aandike tu ni nani anayeketi wapi jamaa wanapokutana, na nani anayezungumza wa kwanza, na nani hazungumzi kabisa. Na kama nyanya yuko nyumbani, mpeni kiti cha mbele na msimweleze kitu mpaka aulize. Kuhusu lile jembe, atawaeleza yeye.