Injini Baridi, Kompyuta Yadhani Imechemka

Lori lililolala Wundanyi, katika milima ya Taita Taveta, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, haliamki kama lililolala Voi. Huko chini joto la alfajiri husamehe mengi. Milimani, hasa Juni na Julai, kila ubovu wa kuwasha hujitokeza. Kwa hiyo dereva wa Mbololo anayeshusha mboga kutoka juu aweza kumwapia fundi kwamba gari linakataa asubuhi, na fundi akalijaribu saa sita mchana mjini Voi, likashika kwa stata moja.

Hapo ndipo pesa huanza kumwagika. Hubadilishwa betri, kisha stata, halafu injekta hufunguliwa. Kumbe wakati mwingine mkosaji ni sensa ya joto la maji, kidude kidogo ambacho mara nyingi hukaa karibu na thamostati.

Ndani ya sensa mna kipande ambacho ukinzani wake hushuka kadiri joto linavyopanda. Katika magari mengi ya Kijapani ni kama omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kompyuta ya injini husoma badiliko hilo na kuamua hita plagi ziwake muda gani na dizeli iingie kiasi gani. Ikidanganywa kwamba maji yana nyuzi 90, huona hakuna haja ya kuipasha injini wala kuiongezea mafuta, na stata huzunguka bure.

Ubaya ni kwamba nyuzi 90 ni joto la kawaida kabisa la injini, kwa hiyo huenda taa ya hitilafu isiwake. Geji ya dashibodi nayo isiaminiwe sana: baadhi ya magari huipa sensa yake yenyewe.

Kipimo kizuri chataka subira tu. Gari lilale usiku kucha, na kabla halijawashwa asubuhi, fundi achomeke mashine ya kusomea kompyuta, alinganishe joto la maji na la hewa inayoingia kwenye injini. Yanapaswa kukaribiana. Hewa ikiwa nyuzi 16 na maji nyuzi 85, kuna uongo.

Uongo wa nani? Swichi ikiwa imewashwa, achomoe plagi ya sensa. Usomaji kwa kawaida huporomoka hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hata kilele cha Mlima Vuria hakiijui. Ukiporomoka hivyo, sensa ndiyo mbovu. Ukibaki juu vilevile, huenda waya umechunika na unagusa bodi, na sensa mpya haitasaidia kitu. (Kompyuta nyingine hujiwekea namba ya akiba zikigundua hitilafu, basi kitabu cha gari kisomwe kwanza.)

Plagi ya sensa iliyoota kutu hufanya kinyume: huongeza ukinzani, kompyuta ikadhani kuna baridi kuliko ilivyo. Pikapu ya petroli iliyokwisha kupata moto hapo hufurika mafuta, ikatoa moshi mweusi na kukataa kuwaka tena.

Maji yenyewe pia hushiriki. Wengi hujaza rejeta maji ya kisima, na visima vingi vya nyanda za chini za Taita Taveta vina chumvi. Hiyo huleta kutu na magamba yanayoivika sensa. Afadhali kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Sensa mpya ikishafungwa, injini ikiwa imepoa, mfumo ujazwe na hewa itolewe yote, kwani sensa iliyozungukwa na hewa badala ya maji husoma vibaya hata kama imetoka dukani leo.