Donda Lisilopona: Aliye Mkumbara Aanzie Wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi ngozi inavyojifunga yenyewe baada ya jeraha. Leo tunaendelea na hali ya pili: donda limegoma kupona, baka linatanuka, au kinundu kimeanza kutoa damu, na mwenye nalo anaishi Mkumbara, kando ya barabara kuu kati ya Mombo na Mkomazi. Aende wapi?

Wengi huanzia duka la dawa, na hapo ndipo mambo huharibika. Muuzaji hutoa tyubu yenye mchanganyiko wa dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache, mgonjwa akashukuru, kumbe choa inatambaa chini kwa chini na ule mduara wake unafutika. Siku akifika kwa daktari, alama ya kuitambulia haipo tena. Kama umeshapaka, usione haya: tia tyubu mfukoni uende nayo, maana kwa daktari hiyo ni nusu ya maelezo.

Pa kuanzia ni zahanati. Najua wapo wanaoidharau kwa kuwa haina daktari bingwa, lakini upele, majipu na vidonda vibichi vya panga au mwiba wa mkonge havihitaji bingwa. Hata ukoma, ugonjwa unaotisha kwa jina, unaweza kutambuliwa pale pale kwa pamba tu. Tabibu husokota ncha ya pamba mpaka iwe nyembamba, humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha humgusa hapa na pale. Kila akiguswa, mgonjwa aonyeshe kwa kidole. Kwenye ngozi nzima kidole hakikosei. Baka lililopauka au lenye wekundu likiguswa, naye akabaki kimya kama hajaguswa, jibu limepatikana. Dawa zake ni bure, humezwa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa hayo mawili ulianza mwaka 1977, kwa hiyo tabibu anayekuuliza kuhusu baka lisilohisi hakutukani. Anafanya kazi yake.

Zahanati ikishindwa, ngazi inayofuata ni Kituo cha Afya Mombo, kisha Hospitali ya Magunga mjini Korogwe. Juu ya hapo kuna Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, jijini Tanga. Kadi ya bima na barua ya rufaa visikosekane, kwani asiye na barua hujikuta akilipia kila dirisha.

Lakini kwa ngozi hasa, mtu wa Mkumbara ana bahati ambayo wengi hawaijui. Barabara hiyo hiyo inayopita mlangoni pake, akipanda basi la kwenda kaskazini na kupita Same, inamfikisha Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC. Hapo, tangu mwaka 1992, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kinachofundisha matabibu na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika. Baadhi ya wanaoshughulikia ngozi katika hospitali zetu za mikoa wamesomea pale, kwa hiyo ukifika Bombo, ulizia kliniki ya ngozi na siku zake kabla ya kupanga foleni ya jumla. Na daktari wa Magunga anapoandika rufaa, si utovu wa adabu kumuuliza kama Moshi haikufai zaidi.

Nani asisubiri? Wa kwanza ni mwenye ualbino. Kwake kidonda kidogo usoni, shingoni au sikioni kisichofunga ndani ya wiki chache kichukuliwe kuwa saratani mpaka ithibitishwe vingine. Moshi hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua, Kilisun, kwa ajili ya watu hawa, yaulizie. Wa pili ni mwenye kovu la zamani la moto lililochimbuka upya baada ya miaka mingi, kwa sababu saratani hupenda kuota humo. Wa tatu ni mwenye doa jeusi linalokua unyayoni au chini ya ukucha. Watu weusi hudhani saratani ya aina hiyo ni ya Wazungu. Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, na ikamuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kwetu, mtu anayelima peku husema ni mwiba uliovunjikia ndani, na miezi inapita. Mabaka ya zambarau yaliyoinuka nayo yaonwe upesi, pamoja na kipimo cha VVU.

Katika hali zote hizo neno la mwisho ni la kipimo cha kinyama. Daktari hupiga sindano ya ganzi, hukata kipande kisichozidi punje ya mtama, hukitia kwenye kichupa cha formalini na kukipeleka maabara ya patholojia. Maumivu ni ya sindano tu. Tabu huja baadaye, kwa kuwa majibu huchukua siku nyingi, na mgonjwa aliyerudi Mkumbara bila tarehe wala namba ya simu ya kliniki huishia kusahauliwa na kusahau. Ikithibitika kuwa ni saratani, upasuaji unaweza kufanyika KCMC. Waliohitaji mionzi kwa miaka mingi walikuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa hiyo ukikatwa kinyama, usitoke mlangoni kabla hujaandikiwa mambo matatu: namba ya sampuli, siku ya kurudi, na simu ya kuulizia. Wiki ijayo: mapunye ya watoto wa shule.