Je, Wajua? Fahari ya Entebbe

Je, wajua kwamba maandamano ya kwanza ya fahari ya mashoga na wasagaji nchini Uganda hayakufanyika Kampala? Yalifanyika Agosti 2012 Entebbe, mji mdogo wa ufukweni, ndani ya bustani ya mimea iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Polisi walifika, wakawashikilia watu wachache, kisha wakawaachia. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ilipobatilisha sheria kali dhidi ya mashoga ya mwaka huo, waandamanaji hao waliandamana tena. Mwaka 2016 polisi walivamia sherehe yao katika klabu ya Kampala, na ya 2017 ikafutwa.

Maandamano ya fahari ya India nayo yalianza na watu 15 tu, waliovaa fulana za njano, Kolkata, Julai 1999. Leo hata miji ya mikoani huko ina maandamano yake.

Tanga, hapa Tanzania, haina. Kwa ngono ya jinsia moja, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Lakini angalia asili ya sheria hii: Waingereza walipoichukua Tanganyika walituletea kanuni ya adhabu ya India ya 1860, yenye kifungu cha 377 kuhusu kosa hilo hilo, kabla ya kutunga ya hapa mwaka 1930. Septemba 2018 Mahakama ya Juu ya India iliamua kifungu hicho kisiwaguse tena watu wazima walioridhiana.

Na neno “shoga” lenyewe? Katika mitaa ya Ngamiani, Tanga, mwanamke akimwita mwenzake “shoga”, anamwita rafiki yake wa chanda na pete.