Kimya Kinapoingia Nyumbani

Ndoa nyingi hazivunjwi na ugomvi. Huvunjwa polepole na kimya. Mume na mke waliopendana sana hufika siku wakaishi kama wapangaji wawili: huulizana habari za ada ya shule, mkaa na kodi, basi. Hakuna anayemtukana mwenzake, lakini pia hakuna anayejua mwenzake amelala na wazo gani.

Hali hii ni rahisi kuzuka mahali kama Mafubira, kaskazini ya Jinja. Baada ya Bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, umeme wake ulivuta viwanda, na viwanda vikaleta kazi za zamu. Baba atokaye zamu ya usiku huingia ndani mama akitoka kwenda sokoni. Jioni mama arudipo, baba yumo katika kujitayarisha kuondoka. Chakula hufunikwa mezani, kikaliwa na mtu mmoja. Miezi ikipita hivyo, kila mmoja hujizoeza kutomhitaji mwenzake, na mazoea hayo hubaki hata zamu ikibadilika.

DALILI ZAKE

Mtaalamu wa Marekani, John Gottman, aliyechunguza maongezi ya wanandoa kwa miaka mingi, alitaja mambo manne yabomoayo ndoa: kushambulia tabia ya mtu badala ya kosa lake, dharau, kujitetea kila mara, na kujifungia katika kimya. Dharau aliihesabu kuwa mbaya kuliko yote. Anyamazaye si lazima awe amekosa upendo. Pengine amechoka, au anaogopa ugomvi. Lakini mwenzake hukisoma kimya hicho kama chuki, naye hunyamaza.

NANI AMFUNZE MUME?

Katika Buganda na kwa majirani zake, shangazi, aitwaye ssenga kwa Kiganda, humfunza binti mambo ya unyumba. Desturi hiyo ina manufaa, ila mara nyingi mzigo wote wa kutunza mapenzi huangukia mke. Mume hufunzwa kuleta fedha, hafunzwi kuuliza, "Umeshindaje?" Ibara ya 31 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawapa wote wawili haki sawa katika ndoa. Yafaa basi na wajibu wa kuzungumza uwe sawa.

Hapana budi wanandoa watenge wakati, japo nusu saa siku ya mapumziko, redio na simu zikiwa zimezimwa. Mmoja aseme lililomuumiza bila kufukua makosa ya zamani. Mwingine asikilize mpaka mwisho. Wakishindwa, wamwendee mzee wanayemwamini wote wawili. Palipo na kipigo shauri ni jingine, kwani Uganda ina sheria dhidi ya ukatili wa majumbani tangu mwaka 2010.

Huenda baadhi yao wakagundua kwamba mapenzi yamekwisha kweli. Hata hilo ni heri kuambiana waziwazi, kuliko watoto kukua wakidhani kwamba ndoa ni watu wawili wasiosemezana.